Kilichowavuta Nyuki wa Leposava

Watu wa kijiji cha Bukova Ravan walisema Stamena ana mvuto, na Vukoman hakuwa na subira na neno hilo. Walilitumia ovyo. Mkahawa wa njia panda ukitundikwa taa za rangi, una mvuto. Binti wa mwalimu akipita na gauni jipya, ana mvuto. Mbwa wa kijiji kizima wakilala mchana kwenye ua wa Stamena badala ya kulala kwao, basi bibi huyo ana mvuto, na anayesema hivyo hutabasamu kana kwamba ameeleza jambo. Vukoman alikuwa ameendesha winchi ya sumaku miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha vyuma chakavu kule mjini. Mvuto aliujua. Unabonyeza kitufe, umeme unapita, chuma kinaruka kutoka chini na kung'ang'ania. Unaachia kitufe, chuma kinaanguka. Mambo mengine yote yalikuwa maneno ya watu wasio na kazi.

Tena huyo Stamena alikuwa jirani yake, na huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja hawasemezani. Kisa kilikuwa mti wa peasi uliosimama juu ya mpaka wenyewe, ukidondosha matunda upande unaoutaka. Vukoman aligombana na Radojko, mume wa Stamena, kuhusu nani ayaokote kwa kutengenezea pombe. Wakatukanana mpaka kwa babu zao, kisha wakajenga uzio wa mbao mrefu kuliko mtu, uliofika kwenye shina na kuendelea upande wa pili. Radojko alipokufa, ugomvi alimrithisha mjane wake pamoja na ng'ombe mmoja na koti la baridi. Stamena aliupokea kama alivyolipokea lile koti. Hakulipenda, lakini hakuona wa kumpa.

Nyuki hawakuwa wa Vukoman, walikuwa wa mkewe. Leposava alikuwa na mizinga ishirini na miwili, nusu yake ya kizamani, ya fito zilizosukwa na kukandikwa udongo na samadi. Alifariki mwezi wa tatu mwaka jana. Ilipokwisha arobaini yake, wageni walipomaliza ngano ya kuchemsha inayoliwa kumkumbuka marehemu na kuondoka, Vukoman alianza kusafisha. Alisafisha kama mtu anayedaiwa usafi. Alipaka nyumba chokaa, akapaka kitanda rangi, akasugua sakafu mpaka magoti yakatoka damu. Mizinga ya mbao aliisugua kwa maji ya moto na magadi, akaipaka rangi ya samawati. Nyuki wa ile ya fito aliwahamishia mizinga mipya ya mbao, kisha akaichoma, kwa sababu ilikuwa na harufu, na kila alipopita karibu yake alishindwa kula siku nzima.

Majira ya baridi yakaja, nyuki wakafa. Mzinga mmoja, kisha minne, kisha saba kwa wiki. Kufikia masika ulikuwa umebaki mmoja tu, ule wa pembeni ambao rangi ilimwishia kabla hajaufikia. Vukoman aliwapenda nyuki hao kwa hofu. Walikuwa kitu pekee alichokiacha Leposava ambacho bado kilipumua, na asubuhi alikwenda kuweka sikio kwenye ubao ili tu awasikie. Ndipo katikati ya Mei alipopata mkebe mwingine wa rangi ya samawati. Akaona si haki hao nao wakae kwenye uchafu wakati wenzao walikaa kwenye usafi. Akausugua mlango wao kwa magadi, akapaka rangi kuta tatu.

Saa tano asubuhi nyuki wote walitoka. Hawakubakiza hata mmoja wa kulinda mlango. Walizunguka juu ya ua kwa mngurumo uliomfanya adondoshe brashi, kisha wakapanda, wakavuka uzio, wakajikusanya kwenye tawi la juu kabisa la mti wa peasi, upande wa Stamena.

Desturi ya huko inajulikana na kila mtu. Bumba la nyuki likihama, mwenyewe ana siku mbili za kulifuata popote litakapokwenda, hata kwenye ua wa adui, maadamu haliachi limpotee machoni. Siku mbili zikipita, ni la atakayeliweka ndani. Vukoman alipindua ndoo, akakaa juu yake upande wake wa uzio, akakodoa macho juu.

Wa kwanza kufika alikuwa Obrad, tarishi mstaafu, mtu mwenye ushauri kwa kila shida isipokuwa zake. Alikuja na beseni mbili na mwiko. Alieleza kwamba nyuki wakisikia makelele hudhani ni radi wakashuka, na kwamba baba yake aliwahi kushusha mabumba matatu kwa siku moja kwa sufuria tu. Wakapiga beseni. Walipiga mpaka kuku wa nyumba ya nne wakakimbilia barabarani. Debe tupu haliachi kuvuma, wala Obrad hakuacha, na nyuki walichofanya ni kupanda tawi moja zaidi. Akaleta pampu ya kunyunyizia mizabibu dawa, wakarusha maji, maji yakawarudia wenyewe usoni. Akaleta ngazi, ikawa fupi. Mwishowe Vukoman alibeba mzinga mmoja wa samawati, akaweka sukari ndani yake, akauinua juu ya paa la banda ili nyuki wauone.

Nyuki wachache wa upelelezi walikuja. Walitua mlangoni, wakaingia hatua mbili, wakatoka haraka, wakaruka zao.

"Wana dharau hawa," alisema Obrad.

Vukoman alimwambia aende nyumbani. Redio ilikuwa imeshatangaza mvua ya baridi kutoka milimani kesho alasiri, mvua ya siku tatu. Bumba lililoning'inia nje likinyeshewa usiku kucha halifiki asubuhi. Alijua hivyo kwa sababu Leposava alimwambia; mambo yote aliyoyajua kuhusu nyuki aliambiwa na Leposava huku yeye akisikiliza nusu. Sasa angetoa vidole viwili vya mkono wa kulia ili aipate ile nusu nyingine.

Ilipofika saa kumi Stamena alitoka nyumbani kwake. Alikuwa bibi mfupi, magoti mabovu, meno manne, sauti ya kukwaruza, na kama mvuto ni sura basi hakuna aliyejua wa kwake aliuficha wapi. Kwenye ufa wa mbao Vukoman alimwona akiburuta kigoda mpaka chini ya mti. Akarudi ndani, akatoka na mzinga wa fito, mzee, mweusi kwa moshi, umepasuka udongo upande mmoja. Akachuma kiganja cha majani yale yanayonukia kama limau, akayafikicha, akaupaka kwa ndani taratibu kama mtu anayemwosha mtoto. Akauweka kigodani, mdomo ukitazama jua. Halafu akakaa kwenye benchi lake, akaanza kumenya maharage.

Vukoman alijikaza kadiri alivyoweza, na uwezo wake ukaisha.

"Unaniibia nyuki, jirani," alisema kupitia ufa. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa miaka kumi na moja.

"Nimeweka mzinga kwenye ua wangu," alijibu Stamena bila kuinua macho. "Wewe piga beseni lako."

Vukoman alikaa kwenye ndoo mpaka giza lilipoingia na nyuki wakatulia juu pale, donge jeusi kwenye anga. Alikula mkate na jibini amesimama. Alilala na viatu.

Alfajiri alikuwa ameshakaa. Jua lilipopata nguvu kidogo, aliona jambo ambalo hakulitaka. Wapelelezi walikuwa wakishuka kwa Stamena. Mwanzoni watano, kisha kumi, kisha wengi asioweza kuwahesabu, wanaingia mzinga mkuukuu, wanakaa ndani muda mrefu, wanatoka, wanazunguka mdomo wake, wanaingia tena. Hapakuwa na sukari mle. Hapakuwa na rangi. Bibi mwenyewe alikuwa amekaa na karai lake la maharage, hakutazama hata juu. Mbwa wawili wamelala miguuni pake, mmoja wa Obrad. Waswahili wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na Vukoman alikuwa amejitembeza tangu jana na beseni, pampu, ngazi na sukari. Upande wa milima mawingu yalikuwa yameshaanza kujipanga.

Alipiga moyo konde. Akavaa kofia, akaivua, akaivaa. Akatoka kwa lango lake, akazunguka njia yote mpaka lango la Stamena, ambalo halikuwa limefungwa kwa sababu halikuwahi kufungwa, na akasimama pale akingoja kufukuzwa.

"Ingia au toka," alisema Stamena. "Ukisimama langoni unaleta upepo."

Akaingia. Stamena alisogeza karai, akamwonyesha benchi. Akamwambia asivute sigara, asipunge mkono, asikohoe kama anaweza. Vukoman alikaa. Alimwona Stamena akimenya maharage na akagundua kwamba mabega yake mwenyewe yameshuka, jambo ambalo hayakuwa yamelifanya tangu mwaka jana.

"Una nini wewe?" aliuliza hatimaye. Hakuuliza kwa ubaya. "Mbwa, watoto, sasa nyuki. Niambie. Una nini?"

"Nina magoti mabovu," alisema Stamena. "Siendi popote. Anayenitaka ananikuta."

Kabla Vukoman hajaamua kama amejibiwa, mlio wa juu ulibadilika. Lile donge kwenye tawi lilianza kulegea, likamwagika. Hewa yote kati ya mti na nyumba ilijaa nyuki, maelfu kwa maelfu, wakipita mbele ya uso wake, kwenye kofia, kwenye mikono, na hakuna hata mmoja aliyemchoma. Stamena aliweka karai chini. Alisimama katikati yao na sketi yake ya kazi, magoti yamepinda, mikono imeachwa tu pembeni. Akaanza kuwaita kwa ile sauti yake ya kukwaruza, polepole, kwa maneno ambayo wanawake wa huko wamewaitia nyuki tangu zamani.

"Keti, mama, keti. Keti, mama, keti."

Hakuwaamuru. Alikuwa kama mtu anayemkaribisha aliyechoka na safari. Na wakashuka. Walitua kwenye udongo mweusi wa mzinga, kwenye kigoda, kwenye mguu wake mmoja wenye soksi ya sufu, na wote wakageukia upande mmoja. Wakaanza kupanda kwa miguu kuelekea mdomoni. Waliokwisha fika walisimama kwenye kizingiti wameinua mikia, wanapepea mbawa, wanawapelekea wenzao harufu. Mahali fulani katikati yao malkia aliingia bila mbwembwe yoyote, na mto mzima ukamfuata gizani. Vukoman alikuwa ameona sumaku ikiinua gari zima. Alikuwa ameona watu wakiipigia makofi. Sasa aliona nyumba ya samadi ikiinamisha mbingu mpaka chini bila kuishika popote, na bibi wa meno manne akiwa ndiye mwenyeji, na alistaajabu mpaka akasahau kuona wivu. Alimheshimu mwanamke yule. Alitamani angekuwa amemheshimu tangu zamani.

Ilichukua nusu saa. Walipobaki wachache tu nje, Stamena alirudi kwenye benchi akashusha pumzi.

"Ni wako," alisema. "Siku mbili hazijaisha na macho hukuyatoa. Jioni wakishaingia wote, utaufunga kwa shuka uwabebe. Njoo uwasikie."

Vukoman alipiga magoti kando ya kigoda, akainamisha kichwa karibu na udongo ili asikie. Badala ya kusikia, akanusa. Palikuwa na nta ya zamani, moshi wa uyoga mkavu wa kufukizia nyuki, yale majani yanayonukia limau, samadi, na chini ya yote hayo kitu kimoja zaidi, mafuta ya mitishamba ambayo mtu mmoja tu duniani alikuwa akipaka mikono yake iliyopasuka. Alibaki vilevile amepiga magoti. Ilikuwa harufu ileile aliyoichoma.

"Huu mzinga umeutoa wapi?"

"Umeshaujua," alisema Stamena.

Alimsimulia akitazama maharage. Ugomvi wa peasi ulikuwa wa wanaume. Wao wawili, yeye na Leposava, waliuvumilia wiki tatu, halafu Leposava akalegeza msumari wa ubao wa tatu kutoka kwenye mti, ukawa unasukumika pembeni. Karibu miaka kumi walikutana pale kila Vukoman alipokuwa kazini na Radojko alipokuwa shambani, mmoja huku na mmoja kule, wakanywa kahawa kupitia uwazi ule. Vuli ya mwisho, Leposava alipokwisha jua kwamba hana muda, aliupitisha mzinga huu mtupu kwenye ubao. Ulikuwa wake wa kwanza kabisa, aliokuja nao kwa ndoa.

"Nilimwambia mumeo atagundua haupo. Akasema hutagundua, kwa sababu akifa utasafisha kila kitu. Alisema, 'Hawezi kukaa na jambo, lazima alisugue. Mfichie kimoja.'"

Vukoman aliketi chini kwenye majani. Alihisi aibu na shukrani kwa pamoja, na hakujua ashike ipi. Alikumbuka moto aliouwasha wa mizinga ile kumi na mmoja, jinsi alivyosimama karibu nao ameridhika.

Kisha akauliza lile ambalo miaka arobaini na mbili hakumuuliza mwenyewe. Ujanani Leposava alikuwa akifuatwa na vijana wa vijiji vitatu. Walikuwapo wenye pikipiki, mmoja mwenye kinu cha kusagia nafaka. Vukoman alikuwa na masikio makubwa na koti la kuazima. Alipomkubali, watu walicheka, na yeye moyoni aliona wana haki ya kucheka. Maisha yote alikuwa akingoja mkewe atambue kosa lake.

"Aliwahi kukwambia," alisema, "kwa nini alinichukua mimi?"

"Mara mia," alisema Stamena. "Nilikuwa nimechoka kukisikia kisa hicho. Sikukuu ya Mtakatifu Eliya. Vijana wote wanacheza ngoma kwa kumwangalia yeye, wanamwita, wanamshika mkono, huyu huku, yule kule. Akatoroka nyuma ya magari. Wewe ulikuwa umekaa chini umevua viatu vipya vilivyokubana, unakula tikiti. Hukumwita. Ulimkatia kipande, ukakiweka kwenye majani karibu yako, ukaendelea kula."

Vukoman alikumbuka viatu. Tikiti hakulikumbuka.

"Alisema ndipo mahali pa kwanza siku ile ambapo alipumzika," alisema Stamena. "Akaketi. Basi."

Vukoman alilia. Alilia kwa sauti, mzee wa miaka sitini na saba, kofia usoni, na Stamena hakumwambia anyamaze wala hakumpiga bega. Alimaliza maharage yake. Mbwa wa Obrad alihama kutoka miguuni pa bibi, akaja kujilaza ubavuni mwa Vukoman, akakaa hapo.

Matone ya kwanza yalipoanza, waliuinua mzinga na kigoda chake wakausogeza chini ya upenu, mahali pakavu panapopata jua la asubuhi. Ndani nyuki walikuwa wakivuma taratibu. Stamena aliuliza kama alete shuka sasa, maana jioni ilikuwa inakaribia na mvua haitangoja.

"Usilete," alisema Vukoman. "Waache hapa. Kwangu kunanuka rangi. Nitakuja mimi."

"Utakuja lini?"

"Kila siku, kama hutachoka."

Stamena aliutazama uzio, kisha akalitazama tumbo la jirani yake, akapima.

"Kwa lango au kwa ubao?"

"Kwa lango," alisema Vukoman. "Ubao ulikuwa wenu."